MHUDUMU WA AFYA NA NYUMBA MIA MOJA
Somo la kuhesabu watu wote na kumfuata mgonjwa mpaka mwisho



Somo la mara hii ni refu kidogo. Msilimalize siku moja ikiwa mna mambo mengine ya kikundi kama michango na mikopo. Mwenye sauti asome, wengine wasikilize. Pale tulipoandika SIMAMENI HAPA, wekeni gazeti chini mzungumze kwanza. Ikiwa mhudumu wa afya wa kijiji chenu si mwanachama wa kikundi, mwalikeni siku hiyo. Mpeni kiti na chai, maana tutamtaja sana.

Tutaanza na habari ambayo hatupendi kuisimulia.

Mwaka 2011 tulikuwa tumemaliza kufundisha wahudumu wa afya wa jamii katika kijiji kimoja cha parokia yetu. Semina ilichukua wiki mbili katika jumba la kanisa. Tulifundisha kuhara, malaria, chanjo, lishe, vyoo, na dalili za hatari kwa mama mjamzito. Wote walipita mtihani. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye bidii sana, alimtembelea jirani mwenye mimba ya miezi minane, akamkuta amevimba uso na mikono, na kichwa kinamuuma siku ya pili sasa. Akakumbuka somo. Akaandika karatasi ya rufaa saa ile ile, akamwambia aende dispensari bila kukawia. Mama akaenda. Kule wakampima presha, wakaona iko juu sana, wakamwambia sisi hapa hatuwezi, nenda hospitali kubwa leo leo.

Sasa sikilizeni. Kutoka dispensari mpaka hospitali ni matatu mbili. Mama hakuwa na nauli. Mumewe alikuwa kibarua Mombasa na simu yake haishiki. Mama mkwe akasema, mbona sisi tulivimba na tukazaa salama? Basi akarudi nyumbani, akalala. Usiku wa tatu akashikwa na kifafa cha mimba. Majirani wakambeba kwa mkokoteni mpaka barabarani. Yeye alipona, baada ya wiki nyingi hospitalini. Mtoto hakupona.

Mhudumu wetu alikaa hatua kama mia mbili kutoka boma hilo. Siku zote tatu hakujua kwamba mama hajaenda hospitali. Alichojua ni kwamba amemtuma, na katika daftari alikuwa ameandika vile tulivyomfundisha: ametumwa, mmoja. Mwisho wa mwezi sisi tukajumlisha madaftari yote. Rufaa kumi na nne. Tukaisoma hesabu hiyo mbele ya kamati ya maendeleo ya parokia na watu wakapiga makofi.

Tulipopata habari kamili tulitaka kumlaumu mhudumu. Halafu mmoja wetu akafungua kitabu chetu cha kufundishia, akauliza: ni wapi tulipomwambia arudi kuuliza? Tukatafuta ukurasa baada ya ukurasa. Hapakuwa na mahali.

SIMAMENI HAPA. Tajeni watu wote waliomwona mama huyu au waliojua shida yake katika siku hizo tatu. Kila mmoja angeweza kufanya nini? Msikimbilie kumtaja mtu mmoja tu.

Kazi hii ilikotoka

Wazo la mwanakijiji kutunza afya ya majirani zake si geni. Septemba 1978 nchi nyingi za dunia zilikutana mjini Alma-Ata, Kazakhstan, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Muungano wa Kisovyeti. Zilikubaliana kwamba afya ianzie pale watu wanapoishi, na watu wenyewe washiriki. Hapa kwetu makanisa hayakuchelewa kushika jembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu wa Saradidi, Siaya, katika mradi ulioanzia Kanisa la Anglikana na ambao Dkt. Dan Kaseje aliufanyia kazi sana, walichagua wahudumu kutoka vijiji vyao wenyewe. Wazee wa maendeleo bado hutaja Saradidi kama vile wakulima hutaja mbegu ya zamani.

Mwaka 2006 Serikali ilitoa mkakati wa afya ya jamii. Kila watu 5,000 hivi wawe na kikosi chao, na kila mhudumu aangalie nyumba 20. Baadaye hesabu ikabadilika, na sasa mhudumu mmoja ana nyumba kama 100. Septemba 2023 wahudumu zaidi ya 100,000 nchini kote walitumwa kwa sura mpya, na mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari, mizani, utepe wa kupima mkono wa mtoto, na simu ya kuandikia habari badala ya madaftari makubwa. Wengi sasa wanawaita kwa herufi tatu tu, CHP.

Mkoba ni mzuri na tumeufurahia. Lakini nyumba 20 na nyumba 100 si kazi moja. Mwenye nyumba 20 anaweza kuzijua kama anavyojua mbuzi wake. Mwenye nyumba 100 bila mpango atazunguka njia zilizo rahisi, atawapima presha watu wale wale wa karibu na soko mara tatu kwa mwezi, na nyumba za nyuma ya kilima atazisikia kwa redio. Tumeona hayo kwa macho yetu. Mashine ya presha ina mvuto wake, kila mtu anataka kufungwa kile kitambaa mkononi, na mhudumu anamaliza siku akiwa amechoka kweli na hajamwona hata mtu mmoja aliyemhitaji.

Kwa hivyo mambo mawili lazima yafundishwe kabla ya mashine. Wataalamu wana majina marefu ya mambo hayo. Sisi kijijini tunayaita kuhesabu wote na kumfuata mgonjwa.

Kuhesabu wote

Muuguzi aliye dispensari anawaona wanaokuja. Wasiokuja hawaoni, na si kosa lake, mlango wake unatazama upande mmoja tu. Mhudumu wa kijiji ndiye anayeweza kuhesabu kutoka upande wa pili, upande wa njia na mashamba.

Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 10 wenye umri wa mwaka mmoja hadi miwili, 8 walikuwa wamepata chanjo zote za msingi. Hiyo ni kazi kubwa na tushukuru. Lakini kijijini swali si wale 8. Swali ni hawa 2 ni watoto wa nani. Katika vijiji tulivyotembelea hawakuwa wametawanyika huku na huku kama kunde shambani. Walikuwa pamoja pamoja: ng'ambo ya mto unaojaa wakati wa mvua, katika vibanda vya vibarua wanaohamahama, kwa wasichana waliozaa wakiwa shuleni na wazazi wakawaficha, na katika nyumba ambazo dini yao inakataa dawa. Ukipita njia kuu hutakutana na hata mmoja.

Hapa tunaomba mwenye kalamu afanye hesabu na sisi. Nyumba 100, kila moja na watu watano hivi, ni watu 500. Kwa wastani wa Kenya nzima, katika kila watu 1,000 huzaliwa watoto kama 28 kwa mwaka. Kwa hivyo watu 500 watapata watoto kama 14. Mimba ni miezi tisa. Maana yake ni kwamba siku yoyote ile mkihesabu, katika nyumba hizo 100 kuna akina mama karibu 10 wenye mimba, pamoja na zile ambazo bado hazijaonekana.

Sasa mhudumu analeta daftari lina wajawazito watatu. Zamani tungemwambia vizuri, hakuna aliyekosa kliniki, wote watatu wamekwenda. Leo tunamwuliza: na wale saba?

Hesabu hii si sheria. Kijiji ambacho vijana wote wameenda Nairobi na wamebaki wazee kitakuwa na wachache, na kuna sehemu za kaskazini mwa nchi watakuwa wengi zaidi. Si fimbo ya kumchapia mhudumu. Ni ya kumfanya aulize. Mhudumu mmoja alipoulizwa hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Wasichana hawaniambii kwa sababu mimi ni rafiki ya mama zao." Basi tukajua tatizo. Sasa anatembea na mama kijana wa jumuiya yake ndogo ndogo, na wasichana wanaongea na huyo.

Mnaikumbuka habari ya mchungaji mwenye kondoo mia moja, aliyewaacha tisini na tisa akamtafuta mmoja. Tumesikia mahubiri mengi juu ya upendo wake. Hatujasikia mengi juu ya jambo la kwanza alilofanya jioni ile, nalo ni kuhesabu.

Ramani ya udongo

Zoezi hili ndilo tunaloanzia katika mafunzo siku hizi, na kikundi chenu mnaweza kulifanya chini ya mti wowote. Fagieni mahali. Chora kwa kijiti barabara, mto, kanisa, msikiti kama upo, shule, kisima na dispensari. Wekeni jiwe dogo kwa kila nyumba. Wekeni maharagwe mahali penye mtoto wa chini ya miaka mitano, punje za mahindi mahali penye mama mjamzito au aliyezaa juzi, na kipande cha mkaa mahali penye mzee anayeishi peke yake au mtu asiyeweza kutembea.

Mkimaliza, simameni mtazame bila kusema. Angalieni mawe ambayo hayana kitu. Mengine hayana kitu kwa sababu ni nyumba za watu wazima wenye afya. Lakini mengine hayana kitu kwa sababu hakuna mmoja wenu anayejua ni nani anakaa pale. Hayo ndiyo ya kuandika kwanza. Katika kikundi kimoja walikuta nyumba saba za namna hiyo, na mbili kati yake zilikuwa karibu na kanisa kabisa. Ni nyumba za kupanga.

Jihadharini na jambo moja. Kuna magonjwa ambayo hayawekwi kwenye udongo. Msiweke alama ya mwenye virusi vya ukimwi, wala ya mgonjwa wa akili, wala ya msichana aliyetoa mimba, hata kama kila mtu anadai anajua. Mtu akianza kusema "na yule pale je?" mkufunzi amkatize papo hapo. Siri ya mgonjwa inakaa kwa mhudumu na kwa daktari. Kinachotangazwa kwa watu ni idadi, sio majina. Hata ule ubao mweusi wa wizara unaowekwa dispensari umepangwa hivyo: watoto wangapi, akina mama wangapi, vyoo vingapi. Mhudumu anayetoa majina sokoni mwondoeni. Hatuoneani haya kusema hivyo, kwa sababu akibaki, wale mnaowatafuta watajificha zaidi.

Nyumba zote hazipewi siku sawa

Baada ya kuhesabu, mhudumu anazigawa nyumba zake. Kuna za kila wiki: penye mtoto wa chini ya mwezi mmoja, mama mjamzito aliyewahi kuonyesha dalili ya hatari, mgonjwa wa TB aliyeanza dawa, mtu aliyetoka kulazwa, na mtoto ambaye utepe wa mkono umesoma manjano au nyekundu. (Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, chini ya sentimita 12.5 ni manjano. Chini ya 11.5 ni nyekundu, na huyo hangoji wiki, anakwenda leo.) Kuna za kila mwezi: wajawazito wengine, watoto wachanga wanaoendelea na chanjo, wenye presha na sukari, wazee wa peke yao. Zilizobaki ni mara moja kila miezi mitatu.

Tuseme nyumba 6 ni za kila wiki, 20 za kila mwezi, na 74 za miezi mitatu. Za kila wiki ni safari 24 kwa mwezi. Za mwezi ni 20. Zile 74 zikigawanywa kwa tatu ni kama 25. Jumla ni safari 69. Mhudumu ambaye angezunguka nyumba zote sawasawa angetembea safari 100, na mtoto mchanga angeonekana mara moja. Huyu wetu ametembea safari 69 na mtoto mchanga ameonekana mara nne.

Nyumba inahama. Mtoto akikua na kunenepa, nyumba inashuka. Baba akirudi kutoka hospitali na mguu umekatwa kwa sababu ya sukari, nyumba inapanda siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu tunawaambia wahudumu waandike mpango wa mwezi kwa penseli.

Kumfuata mgonjwa

Sasa turudi kwa mama yule. Karatasi ya rufaa ya wizara, ile ya namba 100, ina sehemu mbili. Ya juu inajazwa na mhudumu: jina, shida, alichofanya. Ya chini inajazwa na daktari au muuguzi: nimeona nini, nimetoa dawa gani, mhudumu afanye nini nyumbani. Sehemu hiyo ya chini iliwekwa kwa makusudi. Lakini tulipokusanya karatasi za mwaka mmoja, zile chache zilizorudi, karibu zote chini zilikuwa nyeupe.

Tulifikiri wauguzi ni wavivu. Tulipoenda kukaa nao asubuhi moja tuliona foleni, tukanyamaza. Muuguzi mmoja alituambia, "Huyu mhudumu mnayemsema, mimi simjui. Nitamwandikia nani?" Alisema kweli. Siku hizi siku ya tatu ya mafunzo haifanyiki katika jumba la kanisa, inafanyika dispensari. Wahudumu wanakaa na wauguzi, wanajitambulisha kwa jina na kijiji, wanasaidia kupanga foleni ya kupima uzito, wanakunywa chai pamoja. Muuguzi akishajua kwamba karatasi hii itasomwa na mama fulani wa upande wa mtoni, anaandika. Mistari miwili inatosha.

Tena kabla hajatoa karatasi, mhudumu aulize maswali ambayo sisi hatukumfundisha mwaka ule. Utaenda na nini? Nauli iko? Ni nani lazima akubali ndipo uende? Watoto na ng'ombe watabaki na nani? Wakikwambia uende mbele zaidi, utafanyaje? Hilo la mwisho ndilo lingemwokoa mtoto yule. Karatasi isiyo na nauli ni karatasi tu.

Maswali hayo tunayafundisha kwa mchezo wa kuigiza. Mmoja awe mama, mwingine mume, mwingine mama mkwe, mwingine mwenye bodaboda, mwingine muuguzi aliyechoka. Wahudumu wetu huigiza mama mkwe vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote, tunacheka mpaka machozi. Halafu tunawauliza, je, mlimsikiliza? Mara nyingi mama mkwe haogopi hospitali. Anaogopa gharama, au kuna mtu alimtukana wodini zamani. Ukimsikiliza kwanza, yeye mwenyewe ndiye atakayembebea mgonjwa begi.

Halafu kurudi. Kama dalili ni ya hatari, mhudumu anarudi jioni ile ile au anapiga simu. Kama si ya hatari, asipite siku mbili. Anauliza: ulifika? Waliona nini? Walikupa nini, na unaitumia vipi, hebu nionyeshe? Unarudi lini? Msamaria wa njia ya Yeriko alimfikisha mgonjwa kwenye nyumba ya wageni, akaacha pesa, na akaahidi kupita tena. Wengi wetu tunaishia pale kwenye kufikisha.

Kumfuata mgonjwa si kwa rufaa ya haraka tu. Kuna mzee mmoja alikuwa na kadi tatu: ya presha, ya sukari, na ya TB. Kila kliniki ilimpa siku yake. Mzee wa miaka sabini na zaidi alikuwa anatembea kilomita nyingi mara tatu katika mwezi, na alikuwa ameanza kuruka zile ambazo hazimuumizi, yaani presha. Zaidi ya hayo, mwanawe alimnunulia dawa kwenye duka la dawa mjini, boksi la rangi nyingine, naye akawa anakunywa zote. Mhudumu aliweka kadi zote na vifurushi vyote mezani. Hakumwambia aache dawa yoyote, kwa sababu hiyo si kazi yake. Alivifunga kwa kitambaa akaenda navyo kwa muuguzi pamoja na mzee. Kumbe dawa mbili zilikuwa ni moja yenye majina tofauti. Muuguzi akaandika upya, na kliniki za presha na sukari zikawekwa siku ile ile anayochukua dawa za TB. Safari tatu zikawa moja. Hapo mashine haikutumika hata kidogo.

Na kwa kuwa tumetaja TB: dawa zake ni miezi sita kwa TB ya kawaida. Wengi huona nafuu mwezi wa pili na kuacha, au hupata kibarua kaunti nyingine na kuondoka usiku. Mhudumu akijua mapema kwamba mtu anataka kusafiri, amwombe apite kliniki achukue barua ya kuhamishwa na dawa za njiani. Asimgombeze, akimgombeza ataondoka bila kuaga.

Kazi ya kikundi

Sasa ni zamu yenu. Mhudumu mmoja hawezi kuwa nauli, ambulensi, yaya na mpishi. Kikundi cha watu 25, kila mmoja akitoa shilingi 20 kila mkutano, na mikutano ni miwili kwa mwezi, ni shilingi 1,000. Pesa hizo zikae kando na merigo na mikopo, ziwe za kumtoa mgonjwa usiku. Vikundi vimebishana sana kama iwe zawadi au mkopo. Sisi tunasema toeni kwanza, mjadili baadaye. Mkianza kutafuta wadhamini saa nane za usiku mtamzika mtu.

Patana na wenye bodaboda wawili, sio mmoja, na bei iandikwe. Chagueni nyumba mbili ambazo zitapokea watoto mama akienda hospitali. Tembeleeni nyumba ambazo mhudumu amefungiwa mlango, maana pengine ni yeye hawapatani, na mtu mwingine angekaribishwa. Katika siku za mazungumzo za kila miezi mitatu, wakati hesabu za kijiji zinasomwa, nendeni. Mkienda ulizeni: waliotumwa ni wangapi, waliofika ni wangapi, waliorudi na jibu ni wangapi? Hesabu ya waliotumwa peke yake msiipigie makofi.

Juu ya malipo ya mhudumu, mpango wa mwaka 2023 ulikuwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Pesa zikichelewa, msimcheke wala kumwambia mbona bado unatembea. Siku ya kulima shamba lake, nendeni watu kumi asubuhi mbili. Hiyo tumeiona ikimrudisha mhudumu aliyekuwa ameweka mkoba chini.

Sisi wakufunzi nasi tumebadilisha. Semina ya jumbani sasa ni fupi, na kila mwezi tunakutana nusu siku. Kila mhudumu analeta mgonjwa mmoja ambaye mambo hayakwenda sawa, bila kumtaja jina, na tunatafuta uzi ulikatikia wapi. Mwezi wa kwanza hakuna aliyeleta. Wote walisema mambo ni mazuri. Mwezi wa pili mama yule wa 2011, ambaye bado ni mhudumu mpaka leo, alisimama akasimulia habari ya jirani yake kutoka mwanzo hadi mwisho, na kuvimba, na karatasi, na usiku wa tatu. Sisi tukasimama tukasimulia sehemu yetu. Baada ya hapo wengine walifungua madaftari.

Maswali ya kujadiliana

Katika kijiji chenu, ni nyumba zipi ambazo hakuna mtu wa kikundi aliyeingia mwaka huu? Nani ataingia, na lini?

Mtu akitakiwa hospitali kubwa usiku wa leo, atakwenda na gari la nani, na kwa pesa za nani? Jibuni kwa majina, sio kwa "tutaona".

Mhudumu wenu alimtuma nani dispensari mara ya mwisho (asitaje jina), na mgonjwa huyo alirudi na jibu gani?

Mkishafanya ramani ya udongo, msiifute kabla mhudumu hajainakili kwa karatasi. Kuku wafukuzwe, maana wanakula akina mama wajawazito wote.